Breki, imeongezwa

Chini ya masta silinda ya Corolla yetu, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, pana sehemu rangi imebanduka mpaka bati linaonekana, upana wa kiganja cha mtoto. Nilipoachiwa gari hili na baba nilidhani ni tindikali ya betri. Lakini betri iko upande wa pili kabisa. Nikaliona doa lile kila nikifunua boneti, miaka mitatu, nisijiulize zaidi, mpaka siku niliyoshuka Soni, kwenye milima ya Lushoto.

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1995, gia za mkono, diski mbele, dramu nyuma, ABS (ile ya kuzuia tairi zisijifunge) haina. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika Japani akaitunza kama watu wa milimani wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kwenye droo ya dashibodi aliacha daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na humo ameandika kila kitu kwa kalamu ya bluu: oili ya injini na kilomita zake, plagi, mkanda wa taimingi, hadi balbu ya taa ya namba. Na baina ya hayo, kila baada ya miezi kadhaa, mstari mmoja mfupi: "Breki, imeongezwa."

Nimeihesabu mistari hiyo. Iko 19. "Imebadilishwa" haupo hata mmoja.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nimeendesha miaka kumi na kitu nikijua kwamba oili ya injini hubadilishwa na mafuta ya breki huongezwa, basi. Gereji gani umewahi kwenda ukaambiwa, "Mwalimu, haya mafuta yako ya breki yamezeeka, tuyamwage"?

Desemba ya mwaka juzi tulikuwa Lushoto kwa shangazi. Siku ya kurudi Tanga gari lilibeba mimi, mama, mdogo wangu na wanawe wawili, nusu gunia la viazi, kabichi sita na ndoo ya plamsi ambayo shangazi hakukubali tuiache. Lushoto iko juu kiasi cha meta 1,400. Mombo, unakoikuta barabara kuu, iko chini kwenye joto. Katikati ni kilomita 30 na ushee za kona, na kipande kibaya zaidi ni kile baada ya Soni, ambapo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili hutaki kuchungulia.

Mbele yangu kulikuwa na fuso lililobeba mboga. Lilikuwa likishuka taratibu, kwa gia nzito, kama inavyopasa. Mimi nyuma yake nilikuwa gia ya nne, mguu juu ya breki, nagusa, naachia, nagusa tena, nikisubiri pa kumpita. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Tulianza kusikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitenge. Mama akauliza kama kuna mtu anachoma takataka. Kona iliyofuata nikakanyaga, na pedali ikazama kama nimekanyaga embe lililooza. Haikuwa ngumu wala haikuwa nzito. Ilikwenda tu mpaka chini.

Nikapampu mara mbili, ya tatu ikashika kidogo. Nikarudi gia ya tatu, injini ikapiga kelele, kisha ya pili, handbreki nikaivuta kidogo kidogo, na tairi la kushoto nikaliingiza kwenye mtaro upande wa mwamba. Gari likasimama limeegama. Mama alikuwa ameshafika katikati ya Ayatul Kursi. Watoto nyuma kimya, ndoo ya plamsi imemwagika yote miguuni mwao.

Utingo wa fuso aliona, akarudi mbio na jiwe la kuzuilia tairi. Hakugusa kitu. Alichungulia rimu ya mbele, akasogeza pua, akaniambia, "Mama, zimechemka hizi. Kaeni nusu saa, msizimwagie maji." Nilidhani anasema pedi, vile vibao vinavyobana diski, ndizo zimechemka. Tulikaa tukaokota plamsi. Baada ya nusu saa nikakanyaga pedali, ikawa juu na ngumu kama siku zote. Tukashuka hadi Mombo kwa gia ya kwanza na ya pili, watu wote wakitupita.

Kesho yake nilimpelekea fundi. Akakanyaga, akazunguka nalo mitaa miwili ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, akarudi. "Mwalimu, breki nzima hii. Labda uliingiwa na hofu." Halafu, kwa wema wake, akafungua kopo. "Nimekuongezea kidogo."

Nilirudi nyumbani nikianza kujishuku. Lakini nafundisha fizikia, na pedali inayozama ikarudi yenyewe bila mtu kushika spana ilininyima usingizi.

Jambo lenyewe liko hivi. Breki hizi hufanya kazi kwa sababu kimiminika hakibanwi. Mguu ukisukuma huku, pistoni inasukumwa kule. Mvuke unabanwa. Kimiminika kikichemka ndani ya kalipa, ile sehemu ya gurudumuni inayobana pedi, hata kiasi kidogo tu, mguu wako unaishia kuubana mvuke na pedi hazipati kitu. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inapanda, na ushahidi wote umefutika. Fundi wangu hakudanganya. Alilipima gari baridi kwenye mji tambarare.

Kwa nini mafuta ya breki yachemke? Kwa sababu yanakunywa maji. Yale ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yametengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli inavuta unyevu wa hewani kama chumvi. Aliyekaa Tanga anajua chumvi ya mezani inavyokuwa, unaiacha usiku, asubuhi inatiririka. Ndivyo hivyo ndani ya kitanki cha mafuta ya breki, ila pale huoni. Unyevu unapita kwenye mipira ya breki, kidogo kidogo, na kwenye tundu dogo la mfuniko. DOT 3 mpya, kwa kipimo cha Marekani ambako hizo herufi DOT zimetoka, haitakiwi kuchemka chini ya digrii 205. Ikishakunywa maji asilimia 3.7 inaruhusiwa kuchemka kwenye digrii 140. Asilimia 3.7 ni vijiko vichache vya chai katika lita nzima. Yangu yalikuwa na unyevu wa miaka mingapi, Mungu anajua. Na yale ya "kuongezwa" hayakusaidia kitu, maana mapya hukaa juu kwenye kitanki, na yaliyozeeka yanabaki chini kwenye kalipa, palepale penye moto.

Tofautisha na kuungua kwa pedi zenyewe. Pedi zikipata moto kupita kiasi pedali inabaki juu na ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari halikusikii. Pedali ikiwa laini ikazama, shuku mafuta kuchemka au hewa au kuvuja. Mguu wako unaujua mchezo kabla ya fundi.

Sasa hili jina. Sisi tunasema "mafuta ya breki", na nimekuja kuamini kwamba jina hili limeharibu breki nyingi. Siyo mafuta. Jirani yangu ana Land Rover 109, ile Series III, anayoipenda kuliko nyumba yake. Mzee alikuwa safarini, kitanki kikapungua, kijana mmoja wa gereji ya njiani akamwongezea ya stelingi, yale mekundu, kwani nayo si mafuta? Siku mbili breki nzuri. Siku ya tatu zikaanza kushika na kutoachia, rimu zikawa hazigusiki. Alinijia na kapu za mpira, vile vikombe vidogo vya kuziba pistoni, zilizotolewa kwenye silinda, amezifunga kwenye gazeti, akaziweka mezani pangu kando ya mpya. Mpya unaisukuma kwa kidole, inaingia silinda na kukaa. Ya zamani ilikuwa imevimba, nyororo, ukiibonyeza inabonyea kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Mpira wa breki hizi na mafuta ya petroli, yaani oili yoyote, haviivani. Ilibidi abadilishe kila kitu chenye mpira, kuanzia masta silinda hadi mipira mirefu ya magurudumu, na kusafisha mabomba. Kwa gari la umri ule, kupata spea zenyewe kulimchukua miezi miwili.

(Kinyume chake kipo pia. Zile Citroën za zamani za kunyanyuka na kushuka, kuanzia miaka ya 1960 mwishoni, zinatumia mafuta ya kijani ambayo kweli ni mafuta, na ukiziwekea DOT 4 unaziua. Ndiyo maana unasoma mfuniko kabla hujasikiliza mtu.)

Jaribio la dukani ambalo siku hizi nalifanya bila aibu: matone mawili kwenye glasi ya maji, koroga. Ya glaikoli yanayeyuka yote, huoni kitu. Oili inaelea kama kwenye mchuzi. Halikuambii kama kopo ni bora, linakuambia tu kwamba si oili.

Dukani kwenyewe nilisimama kaunta saa nzima. Kijana wa spea alitaka kunipa DOT 5. "Mwalimu, tano ni kubwa kuliko tatu." Hesabu yake ni sahihi na ushauri ni mbovu. Tatu, nne na 5.1 ni ukoo mmoja, zote za glaikoli, zinachanganyika, na kila unavyopanda kiwango cha kuchemka kinapanda. DOT 4 huanzia digrii 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa imelowa, 5.1 huanzia 260 na 180. Lakini DOT 5 isiyo na nukta ni silikoni, ya rangi ya zambarau, haichanganyiki na hizo nyingine wala hainywi maji. Maji yakiingia yanakwenda kukaa chini peke yake na kulisha kutu, au kuchemka yakifika digrii 100. Wapo wenye magari ya maonyesho wanaoipenda kwa sababu haili rangi. Kwenye gari lenye ABS haifai, na kwenye gari ambalo miaka yote limetumia glaikoli sioni inatafuta nini. Nukta moja tu, na kijana aliniona msumbufu nilipoisisitiza.

Mfuniko wa Corolla umeandikwa DOT 3. Nilinunua DOT 4, makopo mawili ya nusu lita, elfu kumi na mbili kila moja, kwa sababu ya yale yale ya Soni: nataka zile digrii 15 za ziada yakishalowa. Lakini ukiwa na DOT 3 tu, nunua DOT 3, usijisikie vibaya. DOT 3 ya leo inachemka kwenye 205, DOT 4 iliyozeeka kwenye 155. Nilichokataa kabisa ni kopo lililofunguliwa. Alikuwa nalo moja rafu ya juu, nusu, mfuniko umefungwa kwa nailoni, bei nafuu. Kopo hilo limekunywa hewa ya Tanga tangu lini? Hata langu likibaki silihifadhi.

Na wazee wa malori wanavyosimulia habari za kutia maji ya sabuni porini kitanki kikikauka, hiyo ni hadithi ya kufika tu, kwa mwendo wa kutembea, barabara tambarare. Sabuni haiyazuii maji kuchemka.

Kazi niliifanya mwenyewe uani, na mtoto mkubwa wa mdogo wangu, yupo kidato cha pili, ndiye wa kukanyaga. Siku mbili kabla nilikuwa nimezilowesha skrubu za kutolea upepo kwa dawa ya kulegezea kutu, asubuhi na jioni, nikizigonga kidogo kwa nyundo. Usizivamie skrubu zenye umri wa miaka karibu thelathini. Nilitumia spana ya ringi, namba 10 mbele na namba 8 nyuma. Ile yenye mdomo wazi inakula kona, na ukikata skrubu umenunua silinda.

Kwanza nilinyonya kitanki kwa bomba la sindano kubwa la daktari wa mifugo. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni, na chini mna matope. Nikafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, nikajaza mapya, rangi ya mafuta ya alizeti. Kisha tukaanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, nyuma kushoto, kwa kuwa usukani wetu uko kulia. Halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake kwenye kitabu. Ukiwa nacho, fuata kitabu.

Mpira mwembamba unauvika kwenye skrubu, ncha ya pili ndani ya chupa tupu ya maji, yenye mafuta mapya kidogo chini, ili isivute hewa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mama mkubwa."

Nafungua robo.

"Inazama!"

Nafunga. "Achia." Kamwe asiachie kabla sijafunga, vinginevyo inanyonya upepo na tunaanza upya. Alikosea mara moja tu, tena alikuwa akichungulia simu.

Hapa kuna jambo ambalo magari mapya hayalihitaji na ya zamani yanalihitaji sana. Chini ya pedali niliweka kipande cha ubao ili isifike sakafuni. Ndani ya masta silinda, mpira umetembea miaka yote sehemu ileile na kuisugua ikawa laini kama kioo. Mbele ya hapo, ambapo haujawahi kufika, kuna kutu na uchafu. Ukiisukuma pedali mpaka mwisho mara ishirini mfululizo, unaupeleka mpira kwenye kutu ukachanike, na siku ya pili unalaumu mafuta mapya kwa kuharibu masta silinda. Kwa masta silinda hii iliyokula miaka, ubao ule ni bei rahisi.

Nyuma kushoto kulitoka kitu cheusi chenye chembechembe, kisha kahawia, kisha, baada ya kama mara thelathini, kikabadilika ghafla. Unaona kabisa ndani ya mpira, nyeusi inaisha na dhahabu inaanza. Mtoto alitoka kwenye gari kuja kuangalia. Kila baada ya mikanyago kumi nilirudi kujaza kitanki, maana kikikauka umeingiza hewa mwenyewe. Makopo mawili yalitosha magurudumu manne, kikabaki kidole.

Katika kujaza, tone likaniangukia kwenye bati, pembeni ya lile doa. Nikakimbilia jagi la maji, maana nilishasoma kwamba haya yanakula rangi na dawa yake ni maji mengi, si kufuta. Na hapo ndipo nikalielewa doa la baba. Pedi zikilika, pistoni inatoka mbele na kitanki kinapungua, hakuna kilichovuja. Baba anaona kimepungua, anaongeza hadi juu. Siku ya kufunga pedi mpya fundi anazirudisha pistoni nyuma, yote yaliyoongezwa yanarudi kitankini na hayana pa kukaa, yanafurika chini ya masta silinda. Mtu anafuta kwa kitambaa. Rangi inaondoka. Mistari kadhaa ya "Breki, imeongezwa" iliishia pale kwenye bati.

Ile chupa ya machafu niliiandika SUMU kwa herufi kubwa na kuiweka mahali watoto hawafiki, kwa sababu ni sumu kweli na chupa ya maji inamwita mtoto. Baadaye niliimwaga kwenye pipa la oili chafu la gereji.

Pedali ilikuwa juu zaidi ya ninavyoikumbuka kwa miaka. Nilijivuna wiki nzima. Kisha nikafunua boneti Ijumaa moja, kitanki kimeshuka karibu upana wa kidole. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda kwenye rafu kutafuta kopo la kuongezea, kwa mazoea.

Pedi ni nzima, nilizipima siku ile. Kwa hiyo si pedi. Nikapiga jeki nyuma, nikatoa dramu ya kulia, nikaunyanyua ule mpira wa vumbi wa silinda kwa ncha ya bisibisi. Tone likatoka, safi, rangi ya alizeti, likateremka hadi kwenye shuu, ambayo ndiyo pedi ya dramu.

Silinda mpya imefungwa Jumatatu, na shuu za upande wote wa nyuma, kwa sababu shuu iliyolowa haifai kusafishwa na petroli kama wanavyokwambia. Kwenye daftari, chini ya mwandiko wa bluu, nimeandika tarehe, kilomita, DOT 4, yote imebadilishwa, silinda ya nyuma kulia mpya. Nimeacha mstari mtupu kwa ajili ya miaka miwili ijayo. Shangazi amepiga simu, anasema mapeasi yameiva.